Kitufe Kifuani pa Mama

Jumatatu asubuhi kliniki ya moyo hujaa mpaka kwenye ngazi. Wagonjwa wanakaa kwenye viti vya plastiki, waliowasindikiza wanasimama ukutani, na anayeitwa jina lazima aruke miguu ya watu kumi kabla hajafika mlangoni. Katikati ya msongamano huo mshonaji mmoja alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu, mama yake amekaa na mkoba mapajani, huku yeye akiomba njia kwa sauti ya mtu asiyependa kuambiwa subiri. Mshonaji alivaa gauni la zambarau lililomkaa sawasawa kiunoni, kazi ya mikono yake mwenyewe, na viatu vya chini kwa sababu siku za hospitali ni ndefu.

Mlango wa chumba cha vipimo ukafunguliwa, mwanamume mrefu akatoka kinyumenyume amekumbatia boksi. Kiti kikamgonga nyuma ya magoti. Boksi likaanguka, na karatasi za kupimia mapigo, zile ndefu zenye miraba myekundu, zikakunjuka kwenye korido mpaka chini ya viti vya watu.

"Pole, mwanangu," mama alisema.

"Pole ya nini? Anatembea kinyumenyume kama anatoka kuiba," mshonaji alidakia.

"Samahani, dada, kosa ni langu." Yule mwanamume alikuwa ameshapiga magoti anaokota. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Huyu usimjali, alizaliwa na ulimi huo huo."

Alipoinuka, mshonaji aliona koti lake jeupe limefungwa kifuani kwa pini. Hilo hakuweza kulivumilia.

"Kaka, hospitali nzima hii imekosa kifungo kimoja?"

"Pini inanitosha."

"Inakutosha wewe, inaniumiza macho mimi. Simama hapo hapo."

Akatoa sindano na uzi mkobani, akachagua kifungo cheupe, akakishona koti likiwa mwilini. Watu wakatazama kwa sababu hapakuwa na kingine cha kutazama. Alipoinama kukata uzi kwa meno, sikio lake likawa karibu na kifua cha yule mwanamume, na alichokisikia humo kilimchekesha.

"Kumbe wewe ndiye mgonjwa. Sikia moyo unavyokwenda mbio."

"Mimi ndiye mpimaji wa mapigo hapa, nakuhakikishia dakika tano zilizopita haukuwa hivi. Asante, Sindano."

Mama kwenye kiti alicheka mpaka akakohoa.

Siku nne kabla ya hapo mama huyu alikuwa amewekewa vali mpya ya moyo, ule mlango mdogo unaopitisha damu. Ile ya kuzaliwa nayo ilikuwa imekakamaa, haifunguki sawasawa, na kupanda ngazi sita kulimlazimu akae. Hawakumpasua kifua. Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka moyoni, vali mpya ikafunguliwa ndani ya ile ya zamani, na kesho yake mama alikuwa anadai chai yenye sukari. Ila karatasi ya mapigo ilionyesha kitu ambacho daktari hakukipenda: umeme wa moyo ulikuwa unachelewa njiani. Unaweza kurudi sawa wenyewe, alisema, na unaweza kuharibika zaidi. Basi mama aende nyumbani na kifaa cha kurekodi mapigo kwa wiki mbili, na katika wiki hizo mbili asiachwe peke yake.

Mpimaji ndiye aliyekibandika kifuani. Kilikuwa kidogo kama kiberiti, na kitufe cha bluu katikati.

"Kinarekodi muda wote, mama, lakini kinanitumia taarifa pale tu unapobonyeza hapa. Ukisikia kizunguzungu au macho yakiingia giza, bonyeza. Naifungua kwenye simu yangu ya kazi, naangalia mapigo, nakupigia."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Mama akalitazama koti lake, akakitazama kifungo kipya. "Simu yangu haisikiki vizuri. Uwe unapiga ya huyu binti yangu."

Jioni ile ile simu ya mshonaji ikalia.

"Sindano? Mama amebonyeza. Anajisikiaje?"

"Anasema kizunguzungu kilipita. Anakula."

"Mapigo ni mazuri. Na wewe unajisikiaje?"

"Mimi sijabonyeza kitu."

"Ningekuwekea cha kwako ungebonyeza?"

"Ningekibandika kwenye cherehani, ujifunze kazi inavyopiga."

Kicheko chake kilisikika mpaka jikoni, na jikoni alikuwepo mtu aliyekihesabu. Kizunguzungu cha kwanza cha mama kilikuwa cha kweli. Cha pili sijui. Kuanzia cha tatu ilikuwa uongo mtupu. Kila binti alipofunga kiduka chake na kurudi nyumbani, na jirani aliyeshinda na mgonjwa akaondoka, mama alijikuna kifuani, akabonyeza, akaketi kusubiri simu ilie.

Mpimaji hakuwa mjinga. Siku ya nne aliomba azungumze na mama mwenyewe.

"Mama, umebonyeza mara kumi na tano, na mara zote moyo wako unapiga vizuri kuliko wangu. Hicho kizunguzungu kikoje?"

"Mwanangu, sina kizunguzungu. Nina binti wa miaka thelathini na moja anayekula na cherehani, analala na cherehani. Wewe ukipiga, anacheka. Usimwambie."

Alitakiwa aende kwa daktari saa ile ile. Ndiyo kanuni ya kazi yake, imebandikwa ukutani juu ya meza yake. Lakini na yeye alikuwa anaisubiri jioni kama anavyoisubiri mama. Akacheka, akaahidi kunyamaza. Nasema wazi, hapo ndipo alipokosea, kabla ya lile kosa ambalo kila mtu aliliona.

Siku ya tisa alimwomba watoke. Walikutana saa kumi na moja jioni kwenye duka la juisi ng'ambo ya hospitali, lenye meza za kioo na feni iliyokuwa inazunguka kwa uvivu. Mshonaji alivaa blauzi ya njano yenye shingo ya mraba na sketi iliyopasuliwa kidogo pembeni. Mpimaji, bila koti jeupe, alionekana mdogo na mwenye aibu.

"Umependeza mpaka nimesahau nilichotaka kusema," alisema.

"Sema ulichosahau."

"Nilitaka kusema mama yako akishapona sitakuwa na sababu ya kupiga simu. Natafuta sababu nyingine, mpenzi."

"Umeniita nani?"

"Umesikia."

Aliinamisha macho, yeye ambaye hakuwahi kuinamisha macho kwa mteja yeyote. Ndipo simu ya kazi ikatetemeka mezani. Mpimaji akaitazama, akaona namba ya mgonjwa, akatabasamu kidogo, akailaza kifudifudi.

"Nani?"

"Kazi. Si ya haraka." Akainua mkono kwa mhudumu. "Tuongezee juisi mbili."

Mshonaji alifika nyumbani akiimba. Jikoni birika lilikuwa limekauka juu ya jiko na kunuka chuma. Mama alikuwa sakafuni, mkono wa kulia umekunjika chini yake, midomo imepauka. Aliposhika shingo yake alisikia pigo moja, akasubiri, akasubiri tena, ndipo la pili likaja.

Hospitali walimwahi. Daktari wa moyo alitoka baada ya muda mrefu, akakaa kando yake kwenye benchi.

"Vali haina tatizo, imekaa vizuri. Tatizo ni kwamba imeegemea ile njia ya umeme, na leo njia imeziba. Kwa sekunde saba moyo haukupiga. Asubuhi tunamwekea betri ya moyo, itakuwa inaushtua kila unapochelewa. Mkono umevunjika, tutaufunga."

"Alibonyeza?"

"Alibonyeza. Taarifa iliingia saa kumi na moja na dakika ishirini. Haikufunguliwa."

Mshonaji alirudi nyuma kwa akili yake: feni, meza ya kioo, simu inatetemeka, tabasamu, juisi mbili. Mama yake alikuwa anaanguka na mwanamume yule akaona namba yake, akatabasamu. Hakulia. Hasira ilimtia nguvu ambazo hakuwa nazo tangu mama augue. Alijua palepale atakachokifanya. Atamfukuzisha kazi. Atahakikisha hakuna hospitali itakayompa tena kifua cha mtu kukigusa.

Mpimaji alipiga mara ya kwanza kabla jua halijachomoza vizuri. Alimwacha apige. Mara ya kumi akapokea.

"Sindano, nimesikia, naomba nije—"

"Ya haraka au si ya haraka?"

"Nisikilize—"

"Maana mimi nina kazi. Mama yangu yuko chumba cha upasuaji kwa sababu ulikuwa unaongeza juisi." Akakata.

Siku ya tatu mpimaji alimfuata dukani. Alisimama mlangoni kati ya magauni mawili ya maharusi yaliyotundikwa, macho mekundu, shati halijapigwa pasi. Mshonaji hakuinua mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ulijua ni namba ya mama?"

"Nilijua."

"Ukaacha."

"Nikaacha."

"Kwa nini?"

Hapo alinyamaza. Jibu lilikuwepo, lilikuwa limefungwa kwa ahadi, na aliyepewa ahadi hiyo alikuwa kitandani na betri mpya chini ya mtulinga. Mshonaji aliutazama ukimya ule akauona kuwa ni dharau.

"Huna hata uongo wa kunipa. Sikia, nitakuelezea nitakavyokufanya ili usije ukashtuka. Naandika barua. Kila ulichoniambia kwenye simu nitakiandika, wakusome, wacheke. Ukishatoka hapo utapima mapigo ya kuku. Sasa toka, unanizibia mwanga."

Akatoka. Mshonaji akaendelea kushona, na mshono wa jioni ile aliufumua wote kesho yake kwa sababu ulikwenda upogo.

Barua ilimchukua siku mbili. Iliandikwa vizuri, kwa hasira iliyopigwa pasi. Lakini ofisi ya malalamiko haipokei barua ya mgonjwa aliye hai bila sahihi yake, na mkono wa kuandikia wa mama ulikuwa kwenye plasta. Kwa hiyo akanunua kikasha cha wino, akaenda nacho wodini. Mama alikuwa ameketi, uso umeanza kupata rangi.

"Mama, nipe dole gumba la kushoto."

"La nini?"

"La kumwondoa yule mtu hapa."

Mama akafumba ngumi. Akaiingiza chini ya shuka.

"Mama, usinichezee."

"Kidole changu sikupi."

"Alikuacha ufe!"

"Punguza sauti, watu wanaumwa humu." Mama akavuta pumzi. "Nilimdanganya. Siku nane nilibonyeza, sikuwa naumwa. Nilitaka apige simu, wewe ucheke. Nikamwambia mwenyewe kuwa nadanganya, nikamkataza asikwambie. Ile siku alidhani ni mchezo wangu ule ule, nawatania huko mliko."

Mshonaji alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Kikasha cha wino kilikuwa wazi mkononi mwake.

"Mara ngapi?"

"Thelathini na kitu. Niliacha kuhesabu."

"Mama, moyo mzima unauchezea ili uniozeshe?"

"Ningekufa nikakuacha na nani? Na cherehani?"

Ukidhani hasira iliisha hapo, hujui hasira. Ilipata chumba cha pili. "Wewe ulicheza," alisema taratibu. "Wewe ni mgonjwa, una haki ya kuwa mjinga. Yeye kazi yake ni kutocheza. Alitakiwa aifungue. Hata kama umedanganya mara mia, aifungue."

Ilikuwa kweli, na mama alijua hivyo. Akautoa mkono chini ya shuka. "Basi chukua. Ila niandike na mimi humo."

"Wewe sikuandiki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe nakuhitaji."

Akalibana dole gumba la mama kwenye wino, akaligandamiza chini ya barua. Halafu akamfuta kidole kwa kitambaa chenye maji, taratibu, kama anavyofutwa mtoto.

Ofisi ya malalamiko ilikuwa chumba chembamba chenye kaunta na benchi moja. Mshonaji alikwenda amevaa suti nyeusi aliyoishona kwa ajili ya siku hiyo, kola imesimama, kila mshono sawa. Kwenye benchi alikaa mtu mmoja tu, bahasha mkononi. Alikuwa mpimaji.

"Umekuja kujitetea mapema," alimwambia.

"Hapana."

Karani, mwanamke mwenye miwani iliyoshuka puani, alipokea bahasha zote mbili, akazisoma moja baada ya nyingine, akawatazama.

"Hebu nielewe. Nyote wawili mnamlalamikia huyu huyu?"

"Yeye anamlalamikia nani?" mshonaji aliuliza.

"Nafsi yake. Tena kakuzidi ukali."

Mshonaji akaichukua ile barua bila kuomba. Mwandiko ulikuwa mdogo na wa wima. Nilipokea taarifa ya mgonjwa, sikuifungua, nilikuwa kwenye mambo yangu binafsi. Mgonjwa alitumia kifaa kama alivyoelekezwa. Sina utetezi. Basi. Aliisoma mara mbili akitafuta mistari iliyokosekana, na haikuwepo, kama ambavyo haikuwepo kwenye ya kwake.

"Mama ameniambia yote," alisema. "Mbona hukuandika kuwa alidanganya?"

"Niliahidi. Na wewe mbona hukuandika?"

"Ni mama yangu." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha, akaongeza, "Na nilitaka usibaki na pa kujishikia."

"Najua. Ndiyo maana nimeandika hivyo. Nimekurahisishia."

Hilo lilimpandisha damu kuliko yote. "Hata kisasi changu unataka unifanyie wewe? Nani kakutuma? Nimekaa siku mbili naandika, nimeshona suti, halafu wewe unakuja na karatasi moja unajichinja mwenyewe, mimi nibaki nimesimama?"

"Dada, kaunta hii si ya ugomvi," karani alisema, lakini kalamu ameiweka chini ili asikie vizuri.

Mshonaji alizitazama barua mbili juu ya kaunta. Zikipita kama zilivyo, mtu huyu amekwisha. Ndicho alichokitaka. Alikuwa anakitaka hata dakika ile. Lakini zote mbili zilikuwa za uongo, uongo ule ule mmoja, na chini ya uongo huo kulikuwa na mwingine ambao hakuna aliyeugusa. Alikuwa ameufunika kwa barua, kwa suti, kwa kila tusi alilomtupia huyu mwanamume. Daktari alisema mama asiachwe peke yake wiki mbili. Siku ya tisa, nani alivaa blauzi ya njano akatoka?

Akazichana barua zote mbili. Karani akapiga ukelele.

"Nipe karatasi safi," alisema. "Na wewe, njoo ukae. Tunaandika upya, yote. Mama alibonyeza kwa uongo, mara thelathini na kitu. Wewe ulijua, hukumwambia daktari. Siku ya tisa hukufungua." Kalamu ikasimama. "Na mimi nilimwacha peke yake."

"Sindano, hilo usiliandike."

"Nyamaza. Naandika."

Sahihi zilikuwa mbili siku ile, na dole gumba la mama likaongezwa mchana. Kikao cha nidhamu cha hospitali kilimtoa mpimaji kwenye simu ya wagonjwa wa nyumbani kwa mwaka mzima, akapewa onyo la maandishi na kuwekwa wodini chini ya msimamizi. Hawakumfukuza. Kanuni nayo ikabadilishwa: taarifa ya kitufe lazima isomwe na watu wawili, hata mgonjwa awe mwongo kiasi gani.

Mwezi mmoja ulipita kabla mpimaji hajathubutu kuja nyumbani kwao. Ilikuwa Jumapili mchana. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Alimsalimia mama, akamwomba radhi akiwa amepiga magoti sebuleni, na mama akamwambia ainuke, wameshakosa wote. Kisha akatoka uani alikokuwa mshonaji anaanika nguo.

"Sikuja kuomba unisamehe," alisema.

"Vizuri, maana sijakusamehe."

"Nimekuja kuomba nikuoe."

Mshonaji aliendelea kubana shuka kwenye kamba, kibanio kimoja, cha pili, cha tatu. Alikuwa amemkumbuka mtu huyu kila siku ya mwezi ule, na kila siku alikuwa amemchukia, na mambo hayo mawili hayakuwahi kugombana ndani yake.

"Nikikuacha," alisema hatimaye, "utaumia miezi mitatu, halafu utapona. Utampata mwingine asiyejua ulichofanya. Atakuona mtu mwema tu. Hiyo si adhabu."

"Adhabu ni ipi?"

"Ukae na mtu anayejua. Uamke, unitazame usoni, ujue najua. Kila siku, mpaka tuzeeke."

"Na wewe je? Wewe nani atakuadhibu?"

Shuka lilipepea kati yao. Alilishika, akalisogeza pembeni ili amwone vizuri.

"Si utakuwepo wewe?" alisema. "Na wewe unajua langu."

Walisimama wakitazamana, hakuna aliyecheka. Ndani, mama alikuwa amesikia kila neno kupitia dirisha la jikoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliyaacha mambo ya binti yake yaende bila kuyagusa.